Samli ya mkwe niliyoipaka kwenye mashine ya mpunga: nilivyoijua kolesteroli kwa njia ya aibu

Wakuu, salamu nyingi kutoka Ifakara.

Umeme umekatika tangu asubuhi, mashine imelala, na mimi nimekaa juu ya gunia la pumba nikiwa na simu yenye chaji ya kutosha. Nimeona nitumie nafasi hii kuwaletea mkasa ambao nimeubeba muda mrefu.

Sitaongeza chumvi. Hata nikitaka siwezi, maana mke wangu, Mama Agripina, amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari ninaouandika. Tayari amenifutisha sehemu mbili nilizojisifu.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi na mwendeshaji wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Mlabani. Asili yangu ni Mpogoro, wazazi walishuka kutoka upande wa Mahenge. Umri wangu bado kidogo kufika hamsini. Na ni mwembamba, wakuu. Nikisimama nyuma ya mlingoti wa bendera, unauona mlingoti peke yake.

Huo wembamba ushikeni, ndio ulioniponza.

Sasa, binti yangu wa kwanza, Agripina, ameolewa na kijana wa Kisukuma anaitwa Shija. Baba yake Shija ni Mzee Maduhu. Alihamia huku bondeni na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, akajenga boma lake ng'ambo ya mashamba, na siku hizi analima mpunga kama sisi. Mtu mrefu, sauti nzito, kofia haivui hata akiwa anaoga. Hilo la kuoga nimeambiwa, sijashuhudia.

Mzee Maduhu ananipenda. Na akimpenda mtu, anamletea samli.

Tangu watoto wetu waoane, kila mwezi dumu la lita tano linafika kwangu. Haagizi mtu. Analileta mwenyewe, amelifunga nyuma ya pikipiki kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Samli ya mke wake, Mama Shija, inafukizwa kwenye kibuyu kwa moshi wa mti anaoujua yeye mwenyewe. Ukifungua mfuniko, nyumba ya tatu wanajua.

Na hakuishia kuleta. Akija mwezi unaofuata, kabla hata hajakaa, anakuangalia mdomo.

"Mkwe, midomo inang'aa. Safi. Unakula."

Nilikula, wakuu. Nilikula kwa wali, kwa ugali, kwa viazi, na kuna siku nilikula kwa kijiko nikiwa nimesimama. Jumapili baada ya misa kulikuwa na kitimoto. Asubuhi nyingi, supu ya makongoro. Nilikuwa najiambia: haya mafuta yakitaka kukaa kwangu, yatakaa wapi? Mwili mzima hauna hata sehemu ya kuweka kiti.

Basi, siku moja wapimaji wakaja mjini, wakafunga turubai karibu na soko. Wanapima presha, sukari na mafuta kwenye damu, bure. Nilikuwa napita tu. Kwenye foleni nikamwona rafiki yangu muuza nyama, mtu mwenye tumbo la heshima, nikaanza kumtania kwa sauti.

"Wewe wakikupima mafuta, mashine itaomba likizo!"

Akanijibu, "Pima na wewe basi, mti mkavu."

Watu wakacheka. Nikapima kwa ajili ya kumkomoa.

Muuza nyama akatoka, yuko vizuri, kaambiwa apunguze uzito tu. Mimi nikaambiwa nikae. Muuguzi akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaangalia karatasi tena. Akanitoboa kidole cha pili. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Baba yako yuko hai?"

Nikamwambia hapana. Alianguka ghafla shambani akiwa na jembe mkononi, hajafika hata umri nilio nao mimi sasa. Mdogo wake naye aliondoka vivyo hivyo.

Muuguzi akaacha kutabasamu. Akaniandikia karatasi ya kwenda kituo cha afya, nifike asubuhi bila kula, wanipime vizuri.

Nilienda. Daktari wa pale alikuwa kijana mpole, akanieleza kwamba kolesteroli yangu mbaya, ile wanayoiita LDL, iko juu sana, na kwamba inaelekea nimeirithi. Alisema kuna watu wanazaliwa hivyo, wawe wanene au wembamba. Akanipa dawa ya kumeza kila siku na masharti ya chakula. Sharti la kwanza kabisa, akalipigia mstari: mafuta ya wanyama, hasa samli.

Nikatoka pale nikiwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kufa kama baba. Ya pili ni Mzee Maduhu.

Najua kuna mtu hapo anasema, si umwambie tu?

Mkuu, hujaoza binti. Zawadi ya mkwe hairudishwi. Ukimwambia samli yako sili, yeye anasikia "nyumba yako siitaki". Na aliyeko ndani ya hiyo nyumba ni mwanangu. Kuigawa kwa majirani nako ni hatari, maana harufu inajulikana, ataambiwa kabla ya jioni. Kuimwaga ni dhambi ambayo hata paroko angepata shida kuipangia malipizi.

Basi nikaamua kuificha. Kila dumu lililokuja nililipokea kwa mikono miwili, nikalipeleka kwenye stoo ya mashine, ubavuni mwa nyumba, nikalifunika na magunia.

Na ule ukaguzi wa midomo? Hapo ndipo mke wangu anapokosa pumzi kwa kucheka hadi leo. Nikisikia mlio wa ile pikipiki, nilikuwa nakimbilia stoo, nachovya kidole, najipaka midomoni. Kuna siku nilizidisha, nikajipaka mpaka mashavu. Mzee akanitazama kwa furaha kubwa.

"Leo umekula mpaka imetokea usoni!"

Mama Agripina aliingia ndani haraka. Nilimsikia akikohoa, nikajua si kikohozi.

Nilikwenda hivyo miezi kadhaa. Namshukuru Mungu dawa nilikuwa nameza. Lakini madumu yakawa yanaongezeka stoo, na kila nikiyatazama yalikuwa kama watu waliokaa kimya wakinisubiri niongee.

Ikafika msimu wa mavuno. Wanaoijua Ifakara wanaelewa. Magunia ya mpunga yanapangwa mpaka barabarani, mashine haipumui. Siku moja katikati ya kazi, beringi ya shafti ikaanza kulia. Ule mlio wa kusaga meno. Nikakimbilia kopo la grisi, tupu. Dukani, zimeisha. Wateja wananiangalia, beringi inapata moto, na mimi nimesimama mlango wa stoo.

Macho yangu yakatua kwenye madumu.

Wakuu, nakiri. Nilichota samli kwa koleo dogo nikaipaka kwenye beringi. Mlio ukakatika papo hapo. Mashine ikanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa.

Nikajiona nina akili nyingi. Nikaendelea kesho yake, na kesho kutwa.

Ambacho sikukifikiria ni kwamba samli ikipata joto inayeyuka. Ikayeyuka. Ikapita kwenye shafti, ikashuka ndani, ikakutana na mchele.

Mteja wa kwanza kugundua alikuwa mama mmoja anayeuza wali. Alirudi na kisado mkononi.

"Fundi, mchele wako siku hizi unatoka umeshaungwa?"

Nikataka kukana, akanikatisha. "Mimi silalamiki. Naomba unikoboe mwingine."

Habari zikasambaa. Foleni ikawa ndefu kuliko miaka yote. Watu walitoka mpaka upande wa Mlimba wakitaka kukoboa kwa fundi ambaye mchele wake unanukia sherehe. Mwenzangu mwenye mashine mtaa wa pili akaanza kusema nimekwenda kwa mganga. Na mimi, badala ya kuacha, nikawa naongeza samli kidogo kila asubuhi. Nilikuwa nimepata mahali pa kuimalizia na sifa juu yake.

Mke wangu aliniambia, "Baba Agripina, hii itakuja kukuumbua."

Ikaja. Ikaja na pikipiki.

Mzee Maduhu alifika na magunia yake ya mpunga kwenye guta, yeye mbele na pikipiki. Sikumsikia kwa kelele za mashine, kwa hiyo sikuwahi hata kujipaka midomo. Tukasalimiana vizuri. Nikamkobolea mwenyewe, kwa heshima. Mchele ukaanza kutoka. Akakinga kiganja, kama wakulima wote wanavyofanya, aone chenga ni nyingi au chache.

Akasimama hivyo hivyo na mchele mkononi. Akaunusa. Akafumba macho. Akanusa tena.

"Hii ni samli ya mke wangu," alisema.

Nikajifanya mashine inapiga kelele, sisikii.

"Mkwe! Zima hiyo kitu!"

Nikazima. Foleni nzima ikageuka kutazama. Akaizunguka mashine akiinusa kama mbwa wa polisi, akafika kwenye beringi, akagusa kwa kidole, akalamba.

"Tena ni ya maziwa ya Kabula."

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Kabula ni nani?"

"Ng'ombe wangu! Yule mwenye pembe moja imepinda! Ni ng'ombe wa sherehe yule. Maziwa yake nayatenga kwa ajili yako!"

Akaufungua mlango wa stoo. Akayavua magunia. Madumu yale yakatokeza yamejipanga, mengine hayajafunguliwa. Akayatazama, halafu akanitazama midomo. Mikavu.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

"Mimi nilikuletea ule wewe," alisema polepole. "Wewe umelisha chuma."

Akapanda pikipiki, akaondoka. Mchele wake akauacha pale pale.

Siku tatu baadaye Agripina akapiga simu. "Baba, umemfanya nini baba mkwe? Anakula kimya. Amesema ubatizo wa mtoto hatakuja."

Huyo mtoto ni mjukuu wetu wa kwanza, wakuu. Wa pande zote mbili. Ubatizo ulikuwa Jumapili inayofuata. Sasa fikiria babu mzaa baba hayupo, ukoo mzima unauliza kwa nini, na jibu ni beringi.

Mama Agripina akanipa amri moja tu: nenda bomani kwake, na usirudi bila yeye kukubali.

Njiani nilikuwa nimeshaamua. Nitakula samli. Nitakula mbele yake, bakuli zima, yaishe. Nilijiambia bakuli moja haliui. Na kwa haki, bakuli moja haliui. Lakini nilijua nikila lile, nitakula la mwezi ujao, na la mwezi unaofuata, na miaka yote, kwa sababu nitakuwa sijamwambia ukweli.

Nikafika. Nikamsalimia kwa lugha yake, "Mwangaluka," akaitikia bila kunitazama. Mama Shija, mkewe, akaleta ugali wa moto. Halafu Mzee mwenyewe akanyanyuka, akachukua kibuyu, akamimina samli kwenye bakuli. Haikuwa kidogo. Ilijaa mpaka ukingoni, inang'aa kama jua la saa sita. Akaliweka mbele yangu.

"Kula, mkwe."

Nikamega tonge. Nikalipeleka kwenye bakuli.

Mkono ukasimama. Nilimwona baba, wakuu. Nilimwona amelala kwenye jaruba la mpunga, maji yamemfika sikioni, na mimi ni mtoto ninayemwita aamke.

Nikaliweka tonge chini. Nikamwambia yote. Baba, baba mdogo, kipimo, dawa, midomo ya kupaka. Niliposema habari ya kujipaka, Mama Shija alijifunika uso na kanga, mabega yakawa yanatikisika. Mzee hakucheka.

"Samli imewalea baba zangu," alisema. "Walikula mpaka wakazeeka. Nieleze inauaje."

Nikamwomba kikombe cha maji. Nikachukua samli kidogo, nikaitia. Ikaelea juu.

"Mkwe, damu ni kama haya maji. Mafuta hayachanganyiki nayo. Kolesteroli ni aina ya mafuta, na mwili unaihitaji. Unajengea kuta za chembe zake zote, na ini lenyewe linaitengeneza. Lakini haiwezi kusafiri peke yake kwenye damu. Lazima ipate wa kuipeleka."

"Kama ng'ombe na mchungaji," akasema.

Wakuu, hapo Mzee alinipa ufunguo mwenyewe. Yote aliyonifundisha yule daktari nikayaeleza kwa ng'ombe hao hao, na nyinyi nawapeni vilevile nilivyompa yeye, maana sijapata maelezo bora mpaka leo.

Kolesteroli ni ng'ombe. Wachungaji wanaitwa lipoproteini. Ini ni boma kuu. Mshipa wa damu ni mto, na kuta za mshipa ni matuta ya majaruba yaliyo kando ya mto.

LDL ni mchungaji anayetoka bomani na kundi, anapita nyumba kwa nyumba kugawa ng'ombe. Si mtu mbaya. Kila nyumba inahitaji ng'ombe wake. Shida inakuja wachungaji wakiwa wengi, na nyumba zote zimeshasema tumetosheka. Wanabaki kuzunguka kando ya mto na makundi yao. Na wakizunguka sana, ng'ombe wanafanyaje?

"Wanaingia kwenye mpunga," akasema Mzee, kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu.

Ndiyo. Wanapenya ndani ya tuta lenyewe. Mwili unaona wavamizi, unatuma mgambo, yaani chembe nyeupe za damu. Mgambo hawana kamba ya kuwafunga ng'ombe, wanawala pale pale. Wanakula mpaka wanavimba, hawawezi kunyanyuka, wanafia humo humo.

"Mgambo wanakula ng'ombe wa watu bila kikao?"

"Bila kikao, mkwe."

"Basi hao ndio wabaya!"

Lile rundo linabaki ndani ya tuta. Tuta linavimba kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mto unabanwa, na wewe husikii chochote. Ndiyo sababu nilikuwa nazunguka mjini natania watu. Halafu siku moja tuta linapasuka. Mwili unaona hatari, unapiga mbiu, kijiji kizima kinakuja na udongo na viroba kuziba ule ufa. Wanaziba kwa moyo mweupe, wanaziba kwa bidii, mpaka wanaziba na mto wenyewe. Hilo ni bonge la damu. Shamba lililoko chini linakosa maji.

"Na shamba hilo ndilo moyo," akasema.

"Ndilo moyo. Ndivyo alivyoondoka baba."

Akauliza, "Hakuna mchungaji wa kuwarudisha?"

Yupo, anaitwa HDL. Anaokota waliotawanyika anawarudisha bomani. Kutembea na kufanya kazi kunamsaidia, kuacha sigara kunamsaidia. Lakini makundi yakizidi, peke yake haokoi shamba.

"Na samli yangu imefanya kosa gani hapo?"

Hili ndilo swali lenyewe, wakuu, na watu wengi tunakosea. Tunadhani ukila samli inakwenda moja kwa moja kuganda kwenye mshipa, kama mafuta kwenye bomba la sinki. Sivyo. Ini lina mageti ya kuwarudisha ndani wale wachungaji wa LDL wakimaliza kazi. Mafuta mazito ya wanyama, yakiwa mengi, yanafunga baadhi ya mageti. Wachungaji wanabaki nje wakizunguka. Watu kama mimi tumezaliwa na mageti machache tangu mwanzo. Ile dawa ninayomeza inafanya ini lipunguze kutengeneza ng'ombe, na lifungue mageti mengi zaidi.

Mzee akavuta pumzi ndefu.

"Kwa hiyo mkwe, wewe ulizaliwa na boma bovu."

"Ndiyo, mkwe."

"Ungesema tangu mwanzo! Nisingekupa samli. Ningekupa pole."

Mama Shija hapo akashindwa kabisa, akatoka nje kucheka.

Lakini Mzee hakuwa amemaliza. Akanikazia macho. "Halafu huyo mchungaji anayeingiza ng'ombe kwenye mpunga, kwenye hadithi yako ni kabila gani?"

"Mkwe, hana kabila."

"Sema tu ni Msukuma, mimi ni mtu mzima. Ila na nyinyi Wapogoro mnalima mpaka kwenye njia ya ng'ombe, ng'ombe apite angani?"

Tukacheka sisi wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu siku ya beringi. Akalichukua lile bakuli mbele yangu, akachovya tonge lake. Mimi nikaletewa maharage.

Jumapili alikuja ubatizoni na kofia yake. Aliivua kanisani tu.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Alisema hawezi kusikia habari za boma bovu bila kulikagua la kwake. Nikampeleka kituo cha afya. Usiku uliotangulia alifunga vizuri, asubuhi akalalamika njia nzima kwamba njaa ndiyo inaua, si samli.

Majibu yakatoka. LDL yake ni ya chini kuliko yangu! Mtu aliyekula samli maisha yake yote!

Wakuu, hamjui mateso niliyoyapata. Alisimama mlangoni pa maabara akamtangazia kila aliyekuwa kwenye benchi: "Huyu Mpogoro kaninyima heshima, kumbe Kabula hana kosa!"

Daktari akamsubiri amalize, akamfunga kamba ya presha mkononi. Presha juu. Akaambiwa kwamba presha nayo inachokoza yale matuta, na kwamba kutoona tatizo upande mmoja si ruhusa ya kujimwagia samli. Apunguze chumvi, na ile tabia ya kwenda kila mahali kwa pikipiki aiache, arudi kutembea kama zamani alipokuwa anachunga.

"Chumvi?" aliuliza, kama mtu aliyesikia habari za msiba.

Sasa hivi ni yeye anayeficha. Mama Shija amekikuta kikopo cha chumvi kwenye mfuko wa koti lake. Nami kila nikimtembelea, namwangalia mfuko.

Kitu kimoja kidogo kabla sijafunga. Baba alipofariki, watu walisema amerogwa, na jirani yetu mmoja alinyooshewa kidole mpaka akahamia Masagati. Nilimtafuta mwaka huu. Yu hai, mzee sana. Nilimpigia, nikampa shikamoo, nikamweleza habari za mageti ya ini. Akasema, "Asante, mwanangu. Nilikuwa nasubiri mtu aniambie." Hilo nimeliandika nikiwa nimeinama, mke wangu asinione.

Sasa niwaachie nilichojifunza, kwa wale wanaosoma mwisho kwanza. Wembamba si cheti. Kama kwenu kuna watu walioondoka ghafla wakiwa na nguvu zao, nenda ukapime, usisubiri maumivu, maana tuta linavimba kimya kimya. Ukipewa dawa, meza na urudi kwa daktari, usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Mimi si daktari, ni fundi mashine, kwa hiyo vipimo vyako vipeleke kwa mwenye taaluma. Na kama kuna mtu unayemficha kwa sababu ya heshima, mwambie. Huenda anachohitaji ni ng'ombe wachache tu ili aelewe.

NYONGEZA: Mdau mmoja ameuliza inbox kama samli inafaa kwa beringi. Haifai, mkuu. Beringi ilikufa baada ya wiki tatu. Tumia grisi.

Mwingine ameuliza kama dumu bado linakuja. Linakuja. Mzee Maduhu alisema desturi haiwezi kukatika kwa sababu ya ini la mtu. Ila baada ya mke wake kusukasuka maziwa na kutoa siagi ya samli, kuna yale maziwa ya mgando yanayobaki, mepesi, mafuta yote yametoka. Zamani walikuwa wanawapa ndama. Nilimuuliza daktari, akasema hayo ninywe bila wasiwasi.

Basi kila mwezi dumu linafika, limefungwa kamba. Zamani lilikuja na pikipiki. Siku hizi Mzee anatembea, dumu analibeba begani, jasho linamtoka, na anaanza kuniita tangu kona ya barabara ili mtaa mzima usikie:

"Mkwe! Toka nje! Nimekuletea chakula cha ndama!"

Karibuni tubadilishane uzoefu, wakuu. Maswali yote nitajibu taratibu, hata la kijinga, maana hakuna atakayenifikia kwa ujinga humu. Nikichelewa kujibu msiwe na hofu, moyo upo. Nitakuwa nimetoka kupokea dumu.